Kipaji hakipandi ndege peke yake: safari za timu ya raga ya Kenya na somo kwa sisi wenye lisansi



Mara nyingi hapa naandikaga juu ya mbegu, viwavi vya mahindi na bei ya maharagi. Leo nawaletea mchezo ambao hapa Bunia watu wachache sana wanaucheza: raga, ule wa mpira wenye umbo la yai. Swali langu ni moja. Timu ya taifa inapanda ndege, inaenda ng'ambo, inarudi na kombe ao inarudi na haya. Ni nini kinachoamua? Wengi watajibu haraka: kipaji. Wengine watasema: uzalendo. Mimi nasema hivyo viwili havitoshi, na timu ya raga ya Kenya inaonyesha jambo hilo wazi kuliko timu nyingine yoyote ya karibu yetu.

Kwa nini Kenya? Juu Nairobi iko karibu na sisi kuliko tunavyofikiri. Bidhaa nyingi za soko letu zinashukia Mombasa, zinapita Nairobi na Kampala, kiisha zinaingia kwa Mahagi, kwa Aru ao kwa ziwa Albert. Tunajua bei ya vitu vya Kenya mpaka senti ya mwisho. Lakini namna Wakenya walivyojenga timu inayozunguka dunia, na namna ilivyoanguka na kuinuka, hilo hatuliongei.

Kwanza, raga yenyewe

Kuko raga ya watu 15, dakika 80. Na kuko raga ya watu 7, dakika 14 tu: dakika 7, pumziko fupi, dakika 7 tena. Uwanja ni uleule mkubwa, karibu mita 100 kwa 70. Kwa mkono mpira unarushwa nyuma ao pembeni tu, haurushwi mbele. Ukifika na mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugusisha chini, hiyo ni trai, ile ambayo watangazaji wa Kifaransa wanaiita essai: pointi 5. Kiisha timu yako inapiga teke la kupitisha mpira kati ya milingoti miwili. Ukipita, unaongeza pointi 2.

Sasa fikirini: watu 7 kwenye uwanja wa watu 15. Nafasi tupu ni nyingi, na kila nafasi tupu lazima mtu aikimbilie. Tena mechi haiko moja. Kwa siku mbili timu inaweza kucheza mechi 5 ao 6. Nani atashinda fainali? Mara nyingi ni yule ambaye miguu yake bado inasikia amri jioni ya siku ya mwisho. Kwa hiyo chakula, usingizi, dawa na mtu wa kukanda misuli si mapambo. Ni sehemu ya mchezo.

Na mashindano makubwa ya dunia ya raga ya watu 7 ni safari, hapana michuano ya mahali pamoja. Msimu wa 2015–2016 ulikuwa na vituo 10: Dubai, Cape Town, Wellington, Sydney, Las Vegas, Vancouver, Hong Kong, Singapore, Paris na London. Vinaenda viwili viwili: unacheza hapa, wiki inayofuata uko pale, kiisha unarudi nyumbani, unaondoka tena. Hesabuni wenyewe visa, tiketi na usiku wa kulala kwenye kiti. Kijana wa Nairobi anakutana na yule wa New Zealand, na wote wawili wanapimwa kwa saa ileile.

Singapore, mwezi wa ine 2016

Raga ya Afrika Mashariki ilianza kama mchezo wa wazungu wa wakati wa ukoloni. Mwaka 1962, timu ya Lions ya Uingereza na Ireland ilipita Nairobi ikitoka Afrika Kusini, ikaipiga timu ya Afrika Mashariki 50 kwa 0. Kiisha uhuru ulikuja, mchezo ukaingia kwenye masekondari ya Wakenya, ukapata wenyewe wapya.

Mashindano yale ya vituo yalianza mwaka 1999. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa inakwenda na kurudi bila kombe kuu. Mara mbili ilifika fainali, Adelaide mwaka 2009 na Wellington mwaka 2013, na mara zote mbili ilipoteza. Mwaka 2009 huohuo ilifika pia nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya watu 7 kule Dubai. Watu walianza kusema: hawa ni wa kufika karibu tu.

Tarehe 17 mwezi wa ine 2016, kule Singapore, fainali ilikuwa Kenya na Fiji. Fiji ni visiwa vidogo vya bahari ya Pasifiki ambako raga ya watu 7 ni sawa vile kabumbu kwa Brazil. Timu hiyo, miezi minne baadaye, ilichukua medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Rio, medali ya kwanza kabisa ya nchi yao. Na ndiyo hiyo Kenya iliipiga siku ile 30 kwa 7. Kapiteni alikuwa Andrew Amonde. Collins Injera alikuwa uwanjani, mkimbiaji ambaye mwezi uliofuata alikuwa mtu mwenye trai nyingi kuliko wote katika historia ya mashindano hayo, akimpita Santiago Gómez Cora wa Argentina. Baadaye Mwingereza Dan Norton alimpita yeye, lakini Injera alimaliza na trai zaidi ya 270. Ndugu yake wa damu, Humphrey Kayange, naye alicheza miaka mingi katika timu hiyo, na mwaka 2021 aliingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, yeye mwenyewe kapiteni wa zamani wa Kenya. Ni yeye pia aliyeipeleka timu kwenye nusu fainali ya Dubai 2009. Ayimba alikufa mwezi wa tano 2021, kwa malaria iliyopanda kwenye ubongo. Mtu aliyezunguka dunia nzima na timu yake aliuawa na ugonjwa ambao kila nyumba ya Bunia inaujua.

Nani alimlisha mchezaji mwaka mzima?

Watu waliona Singapore kwenye televizyo wakasema "kipaji". Lakini tuangalie nyuma ya ile siku. Nairobi kuko mashindano yanayoitwa Safari Sevens tangu 1996, ambapo timu za nje zinakuja kucheza nyumbani kwao. Kuko masekondari ambayo yanacheza raga kila mwaka na ligi ambayo inajulikana tarehe zake. Kuko timu kama Mwamba, kuko KCB ambayo ni ya benki, na Kakamega kuko Kabras, timu ya kiwanda cha sukari. Mimi mtu wa kilimo ile ya sukari inanifurahisha: miwa inalimwa, kiwanda kinakamua, na sehemu ya pesa inalisha timu ambayo imewahi kuwa bingwa wa Kenya. Maana yake, kabla ya taifa kumwita kijana, tayari kuko mtu aliyemlisha, aliyempa viatu, na aliyemweka kwenye mashindano kila wiki.

Lakini hapa ndipo hadithi inapokuwa ngumu. Miezi minne baada ya Singapore, kule Rio, Kenya ilimaliza ya 11 kati ya timu 12. Kutoka juu ya Fiji mpaka karibu na mkia. Wachezaji wengi walikuwa walewale. Kama kipaji ndicho kinachoamua kila kitu, kipaji hicho kiliende wapi kwa miezi minne?

Pipa la Liebig

Kwa masomo ya agronomia kuko sheria moja ambayo wanafunzi wanaikariri mwaka wa kwanza kiisha wanaisahau. Ni sheria ya kiasi cha chini. Mjerumani Carl Sprengel ndiye aliyetangulia kuisema, na mkemia mwenzake Justus von Liebig akaitangaza katika karne ya 19. Inasema hivi: mmea haukui kufuatana na chakula kilicho kingi katika udongo. Unakua kufuatana na kile kilicho kidogo kuliko vyote.

Mfano wa hapa kwetu. Umepanda maharagi kwenye udongo mwekundu, wenye asidi. Mvua imekuja vizuri. Mbegu ni safi. Umeweka samadi, azoti iko. Lakini udongo wa namna hiyo unashika fosfori na kuinyima mizizi. Matokeo: majani yanabaki madogo, maua machache, unavuna nusu ya ulichotegemea. Ukiongeza azoti mara mbili, unatupa pesa yako. Ukiongeza maji, hakuna kinachobadilika. Mmea unangoja fosfori tu.

Walimu wanachora pipa la mbao ili kulieleza. Kila ubao ni chakula kimoja cha mmea, na mbao hazilingani urefu. Ukimimina maji, yatapanda mpaka kwenye ubao mfupi, kiisha yatamwagika. Hata mbao zingine zikifika juu ya nyumba, maji hayawezi kupita ule ubao mfupi.

Sasa rudini kwa timu ya taifa inayosafiri. Mbao zake ni kipaji, kocha, mazoezi, chakula, daktari, visa na tiketi kwa wakati, mishahara, na kuaminiana kati ya wachezaji na viongozi. Tunapenda kupima ubao mmoja tu, kipaji, juu ndio mrefu na unapendeza kuonyesha. Timu inasimama kwenye ule mfupi.

Ubao mfupi wa Kenya

Msimu wa 2017–2018, chini ya kocha Innocent Simiyu, Kenya ilikusanya pointi 104 na kumaliza ya 8. Haijawahi kuwa na pointi nyingi hivyo kabla yake. Ilifika fainali Vancouver, ikafika tena Hong Kong katika kituo kilichofuata, na mara zote mbili Fiji ndiyo ilishinda. Mtu wa nje angesema: mwaka ujao hawa wanachukua kila kitu.

Lakini kule Paris, mwezi wa sita 2018, mashindano ya mwisho ya msimu ule, wachezaji waliingia uwanjani jina la mdhamini likiwa limefichwa kwenye jezi. Mdhamini alikuwa Brand Kenya, shirika la serikali lenye kazi ya kutangaza jina zuri la nchi. Walikuwa wanadai pesa walizosema waliahidiwa na hawakupewa. Ilikuwa kelele kubwa. Wengine walisema vijana wameaibisha taifa mbele ya wageni. Wengine waliuliza: ni nani aliyeaibisha nani?

Mwaka haukuisha Simiyu akapoteza kazi. Mikataba ikawa mabishano, na wachezaji wengi wa uzoefu hawakuonekana msimu mpya ulipoanza. Msimu wa 2018–2019 Kenya ilimaliza ya 13. Nchi ileile, masekondari yaleyale, damu ileile. Kutoka ya 8 mpaka ya 13 kwa mwaka mmoja. Hakuna ugonjwa uliokula miguu ya Wakenya. Ubao mmoja ulikatwa, maji yakamwagika.

Tazameni pia kwamba pipa halivunjiki siku moja. Mwezi wa tano 2023, kule London, Kenya ilipoteza 12 kwa 7 mbele ya Kanada na kushushwa kutoka kundi la timu za kudumu, mahali ilipokuwa imekaa kwa miaka mingi. Pointi 5 tu, trai moja! Lakini trai ile haikupotea siku ile. Ilianza kupotea kwenye misimu ya nyuma.

Na kurudi vilevile hakukuwa mwujiza. Mwezi wa tisa 2023, Harare, Kenya iliipiga Afrika Kusini 17 kwa 12 na kupata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Mwaka 2024, chini ya kocha Kevin Wambua, ilizunguka katika mashindano ya daraja la pili, kiisha ikaenda Madrid na kuishinda Ujerumani 33 kwa 15. Wakarudi kwenye kundi kubwa. Kule Paris walimaliza wa 9, wakati Rio walikuwa wa 11. Si medali. Ni ubao uliopandishwa kidogo kidogo.

Sisi pia tuna Singapore yetu, na tuna Paris yetu

Musicheke Wakenya. Hadithi hii tunaijua tangu zamani, ila kwetu ilivaa nguo ya kabumbu. Mwezi wa tatu 1974, kule Misri, Léopards ya Zaire ilichukua Kombe la Afrika. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hakuna aliyefunga mengi hivyo katika Kombe la Afrika moja. Miezi mitatu baadaye timu ilienda Ujerumani ya Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika chini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Tarehe 14 mwezi wa sita, Dortmund: Scotland 2, Zaire 0. Kwa timu mpya haikuwa aibu. Tarehe 18, Gelsenkirchen: Yugoslavia 9, Zaire 0. Tarehe 22, palepale: Brazil 3, Zaire 0.

Dunia ilicheka ile 9 kwa 0. Ilicheka zaidi Mwepu Ilunga alipotoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali wakati Brazil ndiyo ilikuwa na haki ya kupiga. Watangazaji walisema Waafrika hawa hawajui sheria. Miaka mingi baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba sheria alikuwa anaijua vizuri sana. Wachezaji walisimulia kwamba baada ya mechi ya kwanza walisikia kuwa primu zao, pesa walizoahidiwa, hazitafika mikononi mwao, na kwamba walikaribia kukataa kucheza na Yugoslavia. Mwepu alisimulia pia kwamba kabla ya Brazil walitishwa na watu wa Mobutu: wakifungwa magoli 4 ao zaidi, wasirudi nyumbani.

Ndio uzalendo ambao ulitakiwa kujaza pipa. Mtu hajalipwa, anatishwa, halafu anaambiwa kimbia kwa ajili ya taifa. Ndaye Mulamba, yule wa magoli 9, miaka ya 1990 alipigwa risasi ya mguu na watu wenye silaha hapa nchini, akaenda kuishi Afrika Kusini, akafa huko mwaka 2019. Kipaji chake hakikuwahi kuwa ubao mfupi.

Na mbegu zetu zinaota kwa jirani

Mtu anaweza kusema: sawa, lakini raga si yetu, Mukongomani hana mwili wa raga. Yannick Nyanga alizaliwa Kinshasa mwaka 1983. Aliichezea Ufaransa mechi zaidi ya 40, akaenda Kombe la Dunia la 2007 na la 2015. Madosh Tambwe naye alizaliwa Kinshasa, akakulia Afrika Kusini, akacheza kule kwa timu ya Bulls, kiisha akaenda Bordeaux. Maxime Mbandà, ambaye baba yake ni Mukongomani, aliichezea Italia. Wakati wa korona mwaka 2020, michezo iliposimama, alijitolea kwenye magari ya wagonjwa kule Parma, na rais wa Italia akampa nishani.

Sheria za raga hazimfungi mtu kwenye mahali alipozaliwa. Unaweza kuchezea nchi kama ulizaliwa humo, ao mzazi wako ao babu ao bibi yako alizaliwa humo, ao umesajiliwa kwa raga ya nchi hiyo peke yake miezi 60 mfululizo. Tangu 2022, aliyekwisha kuchezea nchi moja anaweza kuhamia nchi ya kuzaliwa ao ya wazazi wake, akikaa miezi 36 bila kuchezea taifa lolote. Maana yake, mlango wa kurudi uko wazi kisheria. Lakini mtu anarudi mahali ambapo kuko ligi, kuko daktari, kuko karatasi iliyosainiwa. Mbegu ileile, udongo mwingine.

Na kwetu sisi wenye lisansi?

Sasa nafika kwa ile iliyonisukuma niandike. Kila siku Bunia kijana mwenye diplome anaambiwa maneno yaleyale yaliyosemwa kwa wachezaji. "Anza tu, mambo ya pesa tutaongea mbele." "Wewe ni mtoto wa Ituri, jitolee kwa ajili ya kwenu." "Unauliza mkataba? Basi hauna moyo wa kazi."

Mimi nilifanya miezi mitano katika mradi mmoja wa mbegu za maharagi, sitautaja jina. Tulikuwa vijana sita, kila mtu na wakulima wake wa kufuatilia. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Mwezi wa tatu pesa haikuja, mwezi wa ine haikuja. Tulipouliza kwa heshima, tuliitwa watu wa tamaa. Wawili kati yetu, na walikuwa wenye nguvu kuliko sisi wote, waliondoka kabla ya mavuno. Vipande vyao vya majaribio havikupimwa. Wakulima walivuna, wakachanganya kila kitu kwenye gunia moja, na mpaka leo hakuna anayejua ni mbegu gani ilizaa vizuri kwenye mashamba yale. Mradi ulikuwa na gari, ulikuwa na mbegu nzuri, ulikuwa na wataalamu. Ubao mfupi ulikuwa karatasi moja yenye sahihi.

Najua mutaniambia: ndugu, hapa Ituri ubao mfupi ni usalama. Ni kweli, na sitaki kuuficha. Tangu mwezi wa tano 2021 jimbo letu liko chini ya état de siège. Mkulima wa Djugu aliyekimbia shamba lake hahitaji somo langu la fosfori, anahitaji kwanza kurudi. Hiyo ndiyo sheria yenyewe inavyosema: anza na kilicho kifupi kuliko vyote, pale ulipo. Lakini iko pia hatari ya kutumia vita kama jibu la kila swali. Kumwandikia kijana mkataba wa ukurasa mmoja hakungoji amani. Kumwambia tarehe ya malipo na kuiheshimu hakungoji amani.

Kwa hiyo, kama unaitwa kwenye timu, kwenye mradi, kwenye uchunguzi wa wiki mbili kule Aru ao Mambasa, uliza mambo manne kabla ya kupanda moto. Uyaulize kwa upole, lakini uyaulize.

Ya kwanza: nani analipa, kiasi gani, tarehe gani, na imeandikwa wapi? Mambo ya Paris 2018 yalitoka kwenye swali hilo.

Ya pili: nikiugua ao nikianguka njiani, nani ananipeleka hospitali? Timu inayocheza mechi 6 kwa siku mbili haisafiri bila jibu la hilo. Wewe unayepanda moto saa ine kwenye barabara ya matope, kwa nini usafiri bila jibu?

Ya tatu: nani anashika pesa ya safari, na nani anaona hesabu yake? Wachezaji wa 1974 hawakuwa na namna ya kuona.

Ya ine: kukiwa na shida, nani atasema kwa jina letu sote? Mtu mmoja akiuliza peke yake anaitwa mwenye tamaa. Sita wakiuliza pamoja, mapema, kabla ya kazi kuanza, ni mazungumzo.

Na ninyi ambao kesho mutakuwa wakubwa wa miradi, wa vyama, pengine wa federasyo ya mchezo fulani, maswali hayo musiyachukue kama matusi. Anayeuliza juu ya mshahara kabla ya kuondoka anakuonyesha ubao mfupi wakati bado unaweza kuurefusha. Yule anayenyamaza ndiye atakayekuachia shamba katikati ya msimu, ao atakayeingia uwanjani na jina lako limefichwa kwenye kifua chake.

Siku nyingine mukisikia mtu anasema "Kongo tuna vipaji, tuna udongo, tuna kila kitu", mumkubalie, juu ni kweli. Kiisha mumuulize: kati ya hivyo vyote, ni kipi kilicho kidogo kuliko vyote, na nani anakishughulikia wiki hii?

 Wiki ijayo tunarudi kwa viwavi vya mahindi.